Hesabu za Machi

Leander ametandaza ramani mezani,
pembe nne kazibana kwa vilivyokuwa karibu:
chupa ya achari, spana nambari kumi na tatu,
kiatu changu cha kushoto,
na bakuli la supu ambalo bado lina supu.

Nje, Newfoundland yote imefunikwa na theluji,
na pikipiki zetu za magurudumu manne
zimejikunyata bandani chini ya turubai.
Sisi tunahesabu.

Lita moja, kilometa nane.
Tangi, lita kumi na nane.
Pampu hadi pampu, kilometa mia mbili
za kokoto, vinamasi, na mnyama wa huku
mwenye kimo cha farasi na pembe kama makoleo,
asiyempisha mtu.
Nazidisha, nagawanya, natafuna penseli.
"Tutaishiwa hapa," nasema, na kidole changu
kimesimama kwenye weupe wa karatasi
pasipo na jina hata la kijito.
"Basi dumu moja kila mmoja," anasema kaka yangu.

Wanasema akiba haiozi. Petroli huoza.
Ile ya mwaka juzi tuliinywesha mashine ya kukatia nyasi,
ikakohoa kiangazi kizima.

Maana safari hii tumeipanga miaka sita.
Mwaka wa kwanza ilikuwa nyonga yake.
Wa pili, nyonga ile nyingine.
Kisha Dulcie, mkewe,
na mwaka ule hakuna aliyekunjua ramani,
tulikunja shuka tu.

Njia yenyewe hatukuichonga sisi.
Ilikuwa reli. Baba alikuwa na kipande chake,
maili sita kwenda, maili sita kurudi,
nyundo begani, akigongelea misumari iliyolegea,
akiinamia mataruma
kama daktari anayesikiliza kifua.
Kisha wakaja wenye mikataba wakaing'oa,
chuma baada ya chuma. Kilichobaki
ni tuta la changarawe, mali ya kila mtu:
mwenye miguu, mwenye baiskeli,
mwenye injini na adabu.
Mataruma machache tuliyachoma jikoni.
Mkate ulinuka lami hadi Pasaka.

Hapa pana doa la chai.
Ilimwagika mwaka wa nne, ikakaukia juu ya mto,
na hatujui tena kama chini yake kuna daraja.
Leander anampigia simu Cyril Gushue, anayekaa upande ule.
"Daraja lipo?"
Kimya. Kwa Cyril yasikika redio, na mbwa.
"Jumanne lilikuwepo."
Naandika pembeni mwa doa: Jumanne.

Tunaendelea. Mkanda wa akiba. Viraka vya pancha.
Vyandarua vya uso, kwa kuwa mwezi wa sita
usubi wa kule huingia sikioni
na kukaa kama amelipa kodi.
Birika. Dawa zake za presha, za siku kumi na nne,
ingawa safari ni ya siku tisa.
Hilo hatulizungumzii.

Usiku wa pili tutalala wapi?
Yeye anataka gesti yenye maji ya moto.
Kidole changu kimeshatangulia
hadi pale kilipokuwa kibanda cha Baba,
ambapo sasa, nadhani, kuna mawe ya msingi
na miti iliyoota mahali pa kitanda.
"Hema," nasema.

Ananitazama juu ya miwani.
Ananyanyua bakuli, supu imeshapoa, anainywa hivyo hivyo,
na ramani, ikikosa uzito, inajikunja,
inameza mji mzima na nusu ya ziwa.

"Basi tuchukue godoro nene," anasema,
akijigonga nyonga, moja, halafu ya pili,
kama anayejaribu msumari.
"Na kwa vyovyote,
ni vizuri chuma kidogo kipite tena pale."